Namna ya Kuponya Deki Iliyogoma

Deki ya kompyuta ikianza kuugua, hukohoa. Unaweka CD, trei inaingia, unasikia krr, krr, halafu tiki-tiki-tiki kama sufuria inayopoa, kisha kimya. Kimya kikishakolea, kompyuta inakuomba uweke CD. CD imo! Umeiweka kwa mkono wako mwenyewe! Hapo ndipo watu wazima, wenye familia na heshima zao mtaani, wanapofanya mambo wasiyoweza kuyasimulia mbele ya wakwe. Wanalipiga boksi kofi la mgongo. Wanaitoa CD na kuipuliza kwa pumzi zote. Wanaipangusa kwenye fulana iliyoshinda soko la Mwanga tangu alfajiri, wanairudisha ndani na kusema Bismillahi.

Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Nimeuandika hapa Kigoma, na kila hatua iliyomo nimeifanya kwa mikono yangu, juu ya meza ya kulia chakula, watoto wakiwa wamefukuzwa nje.

Utaniuliza, siku hizi nani bado anaweka CD kwenye kompyuta? Fungua kabati la vyombo katika nyumba za Ujiji, lile lenye vikombe vya wageni. Chini ya vikombe, karibu na hati za kiwanja na kadi za kliniki, utakuta rundo limefungwa kwa raba. Harusi. Maulidi. Mahafali ya darasa la saba. Filamu za Kichina zenye sauti ya Lufufu akizisimulia kwa Kiswahili, ambazo kijiji kizima kilizitazama kwenye kibanda kimoja. Kwetu imo DVD moja iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: harusi ya dada, 2009. Ndani yake yumo bibi yetu mzaa mama, anatembea, anacheka, anamgombeza mtu aliyeweka sinia vibaya. Bibi alifariki mwaka 2013. Picha zake za karatasi tunazo nne. Bibi anayetembea yumo ndani ya DVD ile tu. Kwa hiyo siku deki ilipogoma kuisoma, sikuona kama kompyuta imeharibika. Niliona mlango umefungwa, na bibi yuko upande wa pili.

Tuanze kazi.

Kabla hujashika bisibisi, hakikisha mgonjwa ni deki na si CD. Weka CD ya kiwandani, ile yenye maandishi yaliyochapishwa. Ikisomeka, weka CD ya kuchomwa. Ikisomeka nayo, weka DVD. Usiruke hata moja, kwa sababu majibu yake yanatofautiana. Deki husoma CD kwa mwanga wa leza wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 780, na DVD kwa mwanga mwingine wa nanomita 650. Ni taa mbili katika nyumba moja, na taa moja inaweza kuzeeka nyingine ikabaki nzima. Deki inayosoma CD zote na kukataa kila DVD huenda imechoka taa ya pili, na hapo kusafisha hakusaidii sana. Deki inayosoma za kiwandani na kukataa za kuchomwa, hiyo ina dalili nzuri: mara nyingi jicho lake, yaani lenzi, lina ukungu tu, maana CD ya kuchomwa hurudisha mwanga hafifu kuliko ya kiwandani. Deki inayokataa zote, tutaipima kadiri tunavyoendelea.

Ikiwa CD ndiyo chafu, ioshe. Ndiyo, kwa maji. Maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya maji, vidole laini. Kisha ifute kwa kitambaa cha miwani, na hapa nakuomba usikilize vizuri: futa kutoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Watu wengi huzungusha kwa sababu CD ni duara, na mkono hufuata duara kama unavyofuta sinia. Lakini maandishi ya CD yamepangwa kwenye mstari mmoja unaojizungusha kutoka ndani kwenda nje. Ukiunyoosha unazidi kilomita 5, na ungekufikisha sehemu kubwa ya njia kutoka mjini Kigoma hadi Ujiji. Sasa fikiria barabara ya vumbi baada ya masika. Mfereji ukikata barabara, gari linashuka, linapanda, linaendelea. Mfereji ukifuata njia ya tairi mita mia mbili, gari limekwisha. CD nayo ina hesabu zake za kujirekebisha, na inaweza kujaza pengo la karibu milimita 2.5 kwenye mstari wake bila wewe kusikia chochote. Mkwaruzo unaokatiza mstari inauruka. Mkwaruzo unaoufuata inakwama nao. Ukifuta kwa kuzungusha na punje moja ya mchanga iko chini ya kitambaa, umechimba mfereji ule wa pili.

Dawa ya meno iache bafuni. Najua kuna anayeapa kwamba ilimponyeshea CD, na inaweza kumponyeshea kweli, kwa sababu dawa ya meno ina chembe za kusugua na chembe hizo hulainisha mkwaruzo. Lakini zikisugua zaidi zinaleta mikwaruzo mipya. Ni dawa ya mtu aliyekwisha kukata tamaa, si ya kuanzia. Na usihangaikie upande unaong'aa peke yake. Kwenye CD, maandishi yako chini kidogo tu ya upande wenye jina. Ukikwangua stika ya zamani kwa ukucha, umekwangua wimbo wenyewe.

Sasa deki. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani. Kama ni laptopu, toa na betri ikiwa inatoka. Sikwambii hivi kwa sababu ya umeme peke yake. Leza ya nanomita 780 karibu haionekani kwa macho ya binadamu, kwa hiyo unaweza kuinamia taa inayowaka ukadhani imezimwa, na jicho halina spea. Gusa chuma kisicho na rangi kabla hujaanza, hasa miezi ya kiangazi, ili umeme tuli wa mwilini uishie pale.

Wenye laptopu mna bahati. Trei yenu ikifunguka, jicho linatoka nalo, linakutazama. Wenye kompyuta ya mezani jicho lenu limebaki ndani, na trei lazima itoke kwanza ndipo ufungue skrubu nne za tumboni. Kama trei imegoma kutoka na kompyuta imezimwa, tazama usoni mwa deki. Kuna tundu dogo kama alama ya sindano. Nyoosha klipu ya karatasi, iingize polepole, taratibu, mpaka uhisi imegusa kitu, kisha sukuma kidogo. Trei itatoka kama upana wa kidole, na iliyobaki utaivuta kwa mkono.

Kazi hii ina walimu wake jirani. Mwaka 1960 Jane Goodall alikaa kimya pale Gombe, kaskazini mwa mji wetu, akamwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akichukua ujiti wa nyasi, akauingiza kwenye tundu la kichuguu, akasubiri, akautoa umejaa mchwa. Taarifa hiyo iliwafanya wanasayansi wafikirie upya maana ya chombo na maana ya mtu. Mimi nikishika klipu namkumbuka sokwe yule kwa jambo moja: hakulazimisha. Anayelazimisha huvunja ujiti, na mchwa wanabaki chini. Anayelazimisha klipu huvunja gia ya plastiki, na gia ile haiuzwi peke yake.

Ukishafungua, utaliona jicho. Ni lenzi ndogo, punje ya dengu, ina rangi ya samawati kwa mbali ukiinamisha taa. Imeshikwa na nyaya nyembamba kama unywele, ili iweze kupanda na kushuka ikiifuata CD inayozunguka. Iguse kwa ncha ya pamba uone: inayumba, inashuka, inarudi, kama mtumbwi uliofungwa pwani ya Kibirizi mawimbi yakipita. Uzito wa kidole chako unatosha kukata nyaya hizo. Kwa hiyo kidole hakihusiki hapa kabisa.

Kwenye deki yetu nilikuta unywele mmoja mrefu, bawa la mende, na punje tatu za mchanga mweupe wa ziwani. Zile punje najua zilivyofika. Mwanangu huweka kompyuta pale anapoweka viatu. Juu ya lenzi yenyewe kulikuwa na utando wa kahawia, mwembamba, unaoonekana kwa kuinamisha tochi tu. Jiko la mkaa liko hatua tano kutoka mezani, na moshi wa kukaanga migebuka kila jioni hauendi wote nje. Kila feni ya kompyuta ikizunguka inavuta hewa ile ile unayovuta wewe. Kama ukuta wa jikoni umebadilika rangi, na lenzi imebadilika.

Vumbi kavu liondoe kwa hewa. Pampu ya mkono inatosha, ukiishika umbali wa shibiri moja na kupuliza kwa ubavu, si usoni mwa lenzi. Usipulize kwa mdomo. Pumzi ya mtu ina mate, na mate yakikauka juu ya lenzi yanaacha madoa ambayo utayafuta kwa nusu saa.

Kisha spiriti. Inayotakiwa ni isopropili, ile kali, ya asilimia 90 kwenda juu. Muulize fundi wa simu, maana ndiyo anayosafishia bodi. Usilete pombe ya kunywa. Ya chupa ina maji mengi, na gongo ina maji, ina mafuta ya pipa na ina mambo mengine. Usilete marashi. Shangazi mmoja pale Ujiji aliniambia mafuta ya udi husafisha kila kitu, na kwa nguo na nyumba namkubalia, lakini lenzi haitaki kunukia. Chovya kijiti cha pamba ya masikio, kikamue ukingoni mwa kizibo mpaka kisidondoke, kisha gusa lenzi kama unavyofuta tongo kwenye jicho la mtoto mchanga aliyelala. Mara mbili, tatu. Geuza upande mkavu, gusa tena. Acha dakika kumi. Usipepee, usipulize, usianike juani. Weka chai.

Chai ikiwa jikoni, tazama reli mbili za chuma ambazo lenzi hutembelea kwenda mbele na nyuma. Kama zina uchafu mweusi ulioganda, ufute kwa pamba yenye spiriti, kisha paka grisi nyeupe kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Sisi watu wa Kigoma tunakosea hapa kwa sababu ya utajiri wetu. Mkoa huu ni wa michikichi, chupa ya mawese haikosi jikoni, na mkono wa mtu unaifuata kwa mazoea: bawaba ya mlango, mnyororo wa baiskeli, mguu unaouma. Nimeona deki iliyopakwa mawese. Baada ya wiki mafuta yaliganda kama gundi, na sisimizi wakaingia kwa mstari kutokea dirishani. Mawese ni ya mchuzi.

Ila grisi yenyewe usiidharau. Tunayo meli nzima iliyookolewa nayo. Graf von Goetzen ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa masanduku mpaka hapa Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipokuwa wanaondoka, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, tarehe 26 Julai 1916, ili isiangukie mikononi mwa adui. Lakini mafundi waliopewa kazi ya kuizamisha walifanya jambo ambalo fundi yeyote wa kweli atalielewa. Kabla ya kuiachia maji, walizipaka injini grisi nzito kila mahali. Waingereza waliiibua mwaka 1924, miaka karibu minane baada ya kuzamishwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nusu karne baadaye wazee wetu walikuwa bado wanaipanda kwenda Kasanga na Mpulungu. Mtu akiniambia deki iliyokaa kabatini miaka sita imekufa, namwambia iko meli ilikaa chini ya ziwa ikarudi kubeba dagaa.

Na kweli, niliambiwa hivyo hivyo. Fundi mmoja wa mjini aliishika deki yetu kwa dakika moja, hakuifungua, akasema imekufa, nunua nyingine, na nyingine alikuwa nayo pale pale kabatini. Sina ugomvi naye, biashara ni biashara. Ila nasema kwa moyo wote: chombo ambacho hakijafunguliwa hakijatangazwa kufa.

Kama tatizo lako ni trei inayotoka nusu na kurudi, au inayonguruma bila kutoka, jicho halina kosa. Ndani ya deki za mezani kuna mkanda mdogo wa mpira, kama raba ya kufungia pesa, unaozungusha gia za trei. Ukizeeka unalegea na kuteleza. Utoe kwa kibano, utie kwenye maji yanayochemka dakika tatu hadi tano, ukaushe, uufute kwa spiriti, uurudishe. Utakaza. Hautakaza milele, lakini utakupa miezi kadhaa ya kufanya lililo muhimu. Zile CD za kusafishia zenye vibrashi chini, zinazouzwa barabarani, mimi siziamini: brashi ngumu ikigonga lenzi kwa kasi ya deki inaweza kuifanya mbaya kuliko ilivyokuwa. Na ukishasafisha mara mbili deki ikagoma bado, mwache mgonjwa apumzike. Leza nayo huzeeka. Azima deki ya nje ya kuchomeka kwa waya kutoka kwa jirani, shule au ofisi ya kata, kwa siku moja tu.

Siku hiyo moja ndiyo kazi yote hii ilikuwa kwa ajili yake. CD ya kuchomwa haijachongwa kama ya kiwandani. Imeandikwa kwenye rangi, na rangi hufifia kwa jua na joto. Nyumba zetu nyingi ni za bati, na rundo la CD hukaa juu ya televisheni, karibu na dirisha, mahali penye joto kuliko pote sebuleni. Kila kiangazi kinachopita kinafuta kidogo. Kwa hiyo deki ikiamka, usikae kutazama filamu. Nakili. Weka DVD, fungua, utakuta folda iitwayo VIDEO_TS. Ichukue nzima, usibadilishe majina ya ndani. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, kwa hiyo flashi ya gigabaiti 8 inaimeza na kubakisha nafasi. Nakili mara mbili, sehemu mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Kompyuta ikikwama katikati usiikatize mapema. Deki inarudia pale pagumu mara nyingi, na mara nyingine jaribio la kumi ndilo linalopita.

Yetu ilikwama kwenye asilimia 61. Nilisikia krr ile ile ya zamani, moyo ukanishuka. Dakika mbili, tatu. Nikaweka kiganja juu ya boksi, nikahisi deki inapunguza mwendo, inatulia, kisha inaongeza tena, sauti inapanda kama injini ya boti inayotoka gatini. Asilimia 62.

Jioni nilichukua flashi nikaenda nayo Ujiji kwa mama mdogo. Tulichomeka kwenye televisheni yake. Picha ilikuwa na ukungu, rangi zimekwenda upande wa njano, sauti ya spika za harusi inapasuka. Mtu wa video alikuwa anazunguka ukumbini, meza kwa meza, halafu kwa sekunde chache akapita mlango wa jikoni. Bibi alikuwa ameshika sinia kwa mikono miwili, anasema na mtu ambaye haonekani. Maneno hayasikiki vizuri. Kamera ikaondoka.

Mama mdogo alikuwa amesimama na beseni la vyombo. Aliliweka chini.

"Rudisha hapo," akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena, mwanangu. Nilikuwa mimi pale pembeni. Alikuwa ananisema mimi."